Monita mpya imeniletea kipandauso: ninunue ipi?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wasomaji wenzangu. Mimi ni mama wa miaka 44, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, na kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu vya shule pamoja na ripoti za watu binafsi, kazi ambayo hunikalisha mbele ya kompyuta kwa saa nane, na wakati wa msimu hata saa kumi kwa siku. Tangu nikiwa msichana macho yangu hayapendi mwanga mkali, na mara mbili au tatu kwa mwaka hupatwa na kipandauso ambacho hunilaza kutwa nzima katika chumba chenye giza. Hali hiyo nilikwisha kuizoea na nilijua namna ya kuishi nayo.

Kwa miaka tisa nilitumia monita ya inchi 19 ambayo haikuwa na uzuri wowote, lakini haikuwahi kunisumbua. Mwezi Machi umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, monita ikaungua. Nilikwenda Kariakoo nikanunua nyingine mpya ya inchi 27, ambayo muuzaji alinihakikishia kuwa ni rafiki wa macho, na kweli kwenye boksi kuna alama ya jicho pamoja na maelezo kwamba inapunguza mwanga wa buluu. Fundi alikuja kuniunganishia nyumbani kwa waya ule ule wa zamani, wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili za kukaza pembeni.

Siku ya tatu tu nikaanza kuumwa. Macho huwa kama yametiwa mchanga, kisha maumivu hupanda nyuma ya jicho la kushoto, na ifikapo saa tisa alasiri siwezi tena kuzitazama herufi. Nimepatwa na kipandauso mara nne ndani ya wiki saba. Nilidhani mwanga ni mkali mno, nikaupunguza hadi asilimia 50, sikupata nafuu. Nikaupunguza tena hadi asilimia 20, na cha kunishangaza ni kwamba hali ilizidi kuwa mbaya, ingawa kioo kilikuwa kimefifia kama mshumaa. Nimeiinua monita juu ya kasha la vitabu ili nisiiname, nimeweka feni mbele yangu kwa sababu ya joto, na usiku ninafanya kazi chini ya taa ya tyubu. Juzi binti yangu alikipiga picha kioo kwa simu ili amtumie mwenzake ukurasa fulani, na picha ikatoka na mistari mipana myeusi iliyokatiza kioo kizima, mistari ambayo sisi kwa macho yetu hatuioni.

Nilirudi dukani nikaambiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mdogo wangu ananishauri ninunue miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Jirani yangu anasema dawa ni monita ya inchi 32 yenye kioo kilichopinda na ubora wa 4K. Mimi mwenyewe nimeanza kuogopa kwamba huenda macho yangu ndiyo yamefika mwisho na kazi hii siiwezi tena. Nina akiba ya kununua monita moja tu, na siwezi kukosea mara ya pili. Ninunue ipi?

Msomaji wako, Tabata

Dada yangu wa Tabata,

Salamu zako zimefika, na pole sana kwa mateso ya wiki hizo saba. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nilisimama pale pale: ulipopunguza mwanga maumivu yalizidi, na picha ya binti yako ilitoka na mistari mipana myeusi. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja yananifanya niamini kwamba kinachokuumiza zaidi si wingi wa mwanga wa monita hiyo, bali ni njia inayotumika kuupunguza.

Nyuma ya kioo cha monita za siku hizi kuna taa ndogo za LED. Mtengenezaji anaweza kuzifanya zififie kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupunguza umeme unaoingia, ili taa ziendelee kuwaka bila kukatika lakini kwa nguvu ndogo. Njia ya pili, ambayo wahandisi huiita PWM, ni kuziacha taa na nguvu zake zote lakini kuziwasha na kuzizima upesi upesi, mara nyingi ikiwa takriban mara 200 au 240 kwa sekunde, ili jicho lijumlishe nuru na giza na lione mwanga hafifu uliotulia. Katika monita ya namna hiyo, ukiweka mwanga asilimia 100, taa hazizimi kabisa. Ukiweka asilimia 20, taa huwaka kwa takriban sehemu moja tu kati ya tano za muda na hubaki gizani sehemu nne zilizosalia, na hayo hurudiwa mamia ya mara kila sekunde kwa saa zote nane za kazi yako. Kwa hiyo ulipokuwa ukiukimbia mwanga ulikuwa ukiongeza kumetameta. Watu wengi hukaa mbele ya kioo kama hicho wasihisi lolote, na ndiyo sababu muuzaji wako anaweza kuwa alisema kwa nia njema. Lakini wapo wanaoumwa kichwa na macho, na wenye kipandauso wanajulikana kuwa wepesi wa kusumbuliwa na mwanga unaometameta. Hilo si jambo la kufikirika: taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa mwongozo namba 1789 mwaka 2015 kuhusu taa za LED na afya ya watu, na kwa mujibu wake, kwa taa zinazowaka na kuzimika kabisa, ni pale tu kumetameta kunapozidi mara 3,000 kwa sekunde ndipo hakutarajiwi kumwathiri mtu. Linganisha idadi hiyo na ile ya 240.

Kabla hujagusa akiba yako, naomba uhakikishe. Usiku zima taa zote, fungua ukurasa mweupe ujaze kioo, shusha mwanga hadi asilimia 20, kisha chukua penseli nyembamba uipunge mbele ya kioo kama mtu anayejipepea. Kama taa za nyuma zimetulia, utaona kivuli kimoja laini kilichosambaa. Kama zinawaka na kuzima, utaona penseli nyingi zilizotengana, zimejipanga kama meno ya kitana. Sasa pandisha mwanga hadi asilimia 100 urudie. Yale meno yakitoweka, mhalifu umemkamata.

Ukishamkamata, fanya kazi kwa siku tatu au nne mwanga ukiwa asilimia 100. Najua kwamba kwako hilo ni kama kuambiwa ushike kaa la moto, kwa hiyo kioo kififishe kwa njia nyingine: tumia mpangilio wa mwanga wa usiku uliomo katika Windows, badilisha ukurasa wa kuandikia uwe wa kijivu hafifu au rangi ya maziwa badala ya mweupe, na punguza utofauti wa rangi katika menyu ya monita yenyewe, kwa sababu mambo hayo huzifanya picha zififie bila kuzigusa taa za nyuma. Weka pia taa ndogo inayomulika ukuta ulio nyuma ya monita, ili kioo kisiwe kitu pekee king'aacho chumbani. Kama kichwa kitatulia katika siku hizo, basi macho yako hayajafika mwisho na kazi yako hujaipoteza.

Lakini nisingetaka uitwike monita mizigo yote, kwa kuwa katika barua yako kuna mengine yanayoonekana wazi na hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni ule waya wenye kichwa cha buluu. Huo ni waya wa VGA, ambao hupeleka picha kwa mtindo wa zamani, na katika monita kubwa mara nyingi herufi hutoka na ukungu pembeni, hasa kama kompyuta haikupangwa kutuma picha yenye idadi ya pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, ile ile ya monita. Msahihishaji anayetafuta kama ni nukta au mkato kwenye herufi zenye ukungu analilazimisha jicho kutafuta umakini ambao haupo. Angalia nyuma ya kompyuta. Ukiona tundu la HDMI au DisplayPort, nunua waya wake, kisha uingie kwenye mipangilio uchague ukubwa wa picha ambao kompyuta yenyewe imeuandikia kuwa unapendekezwa.

La pili ni lile kasha la vitabu. Kioo kikiwa juu, jicho hulazimika kufunguka sana, na jicho lililofunguka sana hukauka upesi. Mtu aliyetulia hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika, na akizama kwenye kioo idadi hiyo hushuka hadi mara 5 au 7. Ukiongeza na feni inayopuliza usoni, ule mchanga unaouhisi machoni hauna siri tena. Ondoa kasha, ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho yako au chini yake kidogo, kaa umbali wa mkono ulionyooshwa, na feni igeuzie mgongoni au miguuni. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20, ukipepesa macho kwa makusudi.

Taa ya tyubu nayo ichunguze. Kama ni ile yenye choki ya zamani, nzito na yenye kunguruma, basi nayo humetameta mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na wewe usiku umekuwa ukikaa kati ya vimetameta viwili, kimoja juu na kimoja mbele.

Kuhusu miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, mwambie mdogo wako kwamba umemshukuru, lakini fedha hiyo uitunze. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba miwani hiyo inapunguza uchovu wa macho wa kompyuta, na chama cha madaktari wa macho cha Marekani, American Academy of Ophthalmology, hakiipendekezi kwa kazi hiyo. Mwanga wa buluu wa usiku unaweza kukuchelewesha kupata usingizi, na kwa hilo unaweza kujaribu ule mpangilio wa mwanga wa usiku ambao haulipiwi. Ndiyo maana ile alama ya jicho kwenye boksi haikukusaidia: ilijibu swali la rangi ya mwanga, wakati swali lako lilikuwa la utulivu wake.

Miwani ninayokutakia ni nyingine. Katika umri wa miaka 44 uwezo wa jicho kuona karibu unapungua kwa kila mtu, na miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, wakati monita iko sentimita 60 au 70. Pima kwa futi ya fundi cherehani umbali kati ya macho yako na kioo, andika namba hiyo, na uipeleke kwa mtaalamu wa macho ili akupime kwa umbali huo. Ukifika huko mweleze habari zote za kipandauso, na pia upimwe presha ya macho na ya damu. Ikitokea jicho likawa jekundu lenye maumivu makali, ukaona mimweko au kitu kama pazia, uoni ukapungua ghafla, au mwanga ukakuumiza hata siku usizogusa kompyuta, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na tafadhali usinunue matone ya macho kwa kukisia. Machozi bandia ya duka la dawa yanaweza kukusaidia kwa ukavu, lakini matone yenye steroidi yakitumiwa kwa muda mrefu bila daktari yanaweza kuleta glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na mtoto wa jicho, na nimeona watu wengi wakiyatumia kama maji ya kunawa.

Sasa nije kwenye ununuzi. Sharti ambalo nisingelilegeza kwa punguzo lolote la bei ni kwamba taa za nyuma zisimetemete katika kiwango chochote cha mwanga. Kwenye maelezo utaona maneno Flicker-Free, na wakati mwingine cheti cha kampuni ya upimaji ya Ujerumani, TÜV Rheinland, ambacho ni dalili njema, lakini uhakikishe kwamba cheti hicho ni cha kutometameta na si cha mwanga wa buluu pekee, maana vyote viwili hutolewa na huwekwa kwenye maboksi yanayofanana. Zipo pia monita ambazo mwanga ukiwa juu hutulia, na ukishuka chini ya kiwango fulani huanza kumetameta, na kwa kuwa wewe ni mtu wa mwanga mdogo, hizo hazikufai. Kabla ya kwenda dukani, andika jina kamili la modeli katika tovuti ya RTINGS, ambako hupima kumetameta kwa vifaa na kuchapisha matokeo ya kila modeli waliyoipima.

Kwa ukubwa, kwa kazi ya maandishi ningekuchagulia inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, au, kama akiba inaruhusu, inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440, ambayo herufi zake ni nyororo zaidi. Inchi 27 yenye pikseli 1920 kwa 1080, ambayo nashuku ndiyo uliyo nayo, ina vitone vikubwa kiasi kwamba kingo za herufi huonekana kama ngazi kwa mtu anayezitazama kutwa. 4K ya jirani yako, yaani kioo chenye pikseli nyingi zaidi ya hizo, ni nzuri kweli, lakini kompyuta ya umri wa VGA huenda isiimudu: ikiwa na HDMI ya toleo la 1.4, picha za 4K hutoka 30 tu kwa sekunde, na hata mshale wa kipanya hutembea kwa kurukaruka. Kioo kilichopinda hakina faida kwako, na inchi 32 kwenye meza ndogo itakugeuza shingo. Chagua kioo cha aina ya IPS, ambacho rangi zake hazibadiliki ukisogea, na uso wake uwe usiong'aa, usiorudisha sura ya dirisha. Monita za OLED, ambazo kila pikseli hujitolea mwanga wake yenyewe, ziache kwa sasa. Nyingi zina mpangilio wa pikseli unaotia rangi pembeni mwa herufi, na hilo kwa msahihishaji ni kero.

Usinunue bila kuketi. Nenda asubuhi wakati duka halina watu na kichwa chako kikiwa kizima, ukiwa umevaa miwani yako, na mkobani uwe na penseli pamoja na flashi yenye ukurasa mmoja wa mswada unaoufanyia kazi sasa. Mwombe muuzaji aiwashe monita ile ile utakayoondoka nayo, si ya maonyesho, na aifungue kwenye ukurasa wako. Shusha mwanga hadi kiwango unachokitumia nyumbani, punga penseli yako mbele ya kioo, kisha upige picha kwa simu, ukikumbuka kwamba mawimbi membamba ya rangi kwenye picha ni kawaida na yanayotutisha ni ile mistari mipana myeusi. Baada ya hapo vuta kiti usome ukurasa huo kwa nusu saa kamili kama uko kazini. Muuzaji anayekunyima nusu saa hiyo muage kwa adabu uende duka la pili, kwa kuwa Kariakoo maduka hayajakwisha. Atakayekubali, mwombe aandike kwenye risiti, kwa kalamu na muhuri wake, kwamba una siku saba za kuirudisha, na usitoe fedha kabla wino haujakauka.